Lindi, Mikindani, Newala, Masasi: safari ya kutembelea vikundi vya ngoma vinavyopokea kila mtu

Maelezo haya yametoka kwenye daftari na picha za simu, yakapangwa baada ya kurudi nyumbani. Tulikwenda kusini mwishoni mwa Juni kuangalia vikundi vya muziki vya mitaani vinavyowakaribisha watu ambao kwa kawaida hubaki uani ngoma ikilia: wenye matende, wasioona, viziwi, mama aliyejifungua na tangu siku hiyo hacheki, kijana aliyetoka wodi ya afya ya akili akakuta watoto wa mtaa wameshampa jina. Majina ya vikundi na ya watu hatuyaweki. Walikubali kutembelewa, hawakukubali kutangazwa.

Anayesoma kwa haraka achukue hili mapema: kusini ngoma hazijapungua. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera wana ngoma za kumaliza mwaka mzima. Kinachopungua ni mpangilio: nani anakaa wapi, nani anashika chombo gani, mazoezi yanaanza saa ngapi, na aliyekosa anafuatwa na nani. Daftari letu lilijaa mambo hayo kuliko nyimbo.

Jumapili: Dar hadi Lindi

Basi la alfajiri, daraja la kati, 30,000 kila mmoja. Hadi daraja la Mkapa pale Rufiji hakuna la kusimulia. Kuanzia Somanga mwendo unapungua; hii ndiyo sehemu iliyokatika Kimbunga Hidaya kilipopita Mei 2024, na bado dereva anayeijua njia huvua miwani na kukaa wima. Nangurukuru basi likasimama dakika 20, zikageuka 50. Chipsi mayai 3,500. Mama mmoja wa Kilwa aliyekuwa kiti cha mbele alituona tunahangaika na maji ya moto yaliyobaki kwenye chupa, akatoa dafu mbili kwenye kikapu chake na kukataa hela: "Wanangu, hizi nimepewa, na nyinyi mnapewa."

Lindi tukafika saa tisa alasiri. Chumba cha feni na chandarua 20,000. Chandarua usikichukulie kama pambo. Matende na mabusha yanaenezwa na mbu, na ukanda huu wa pwani unayajua vizuri.

Jumatatu: Lindi mjini, dufu

Kikundi hiki kinakutana chini ya mkungu karibu na ufukwe, watu 18, wengi wazee. Kinaanza saa kumi na nusu na kufunga kabla ya saa kumi na mbili, yaani katikati ya alasiri na magharibi. Muda huo una maana. Wakichelewa kuanza, wazee wanaondoka kuwahi msikitini na zoezi linakatika pale ambapo mwili ndio kwanza umechangamka. Wakiwahi, jua bado kali na wenye ualbino hawaji.

Dufu linafaa kwa kazi hii kuliko tulivyodhani. Ni fremu ya mbao yenye upana wa kama sentimita 30, ngozi ya mbuzi upande mmoja, uzito chini ya kilo. Anayepiga anaweza kukaa. Mzee mmoja aliyepata kiharusi, mkono wa kushoto haushiki, dufu lake limefungwa kwenye paja kwa mkanda wa begi la shule: mkanda unapita kwenye matundu mawili yaliyotobolewa kwenye fremu, unazunguka paja, unabanwa kwa kifungo chake. Anapiga kwa mkono wa kulia peke yake na hakosi zamu. Fundi aliyetoboa alichukua 1,000.

Wasioona ni watatu. Tuliona kwa nini vikundi vingine vinawapoteza watu kama hawa: kiongozi anaelekeza kwa macho na kwa mkono. Anainua kidole, wote wananyamaza, asiyeona anabaki anapiga peke yake na watu wanacheka. Hapa ishara zote ni za sauti. Mstari wa mwisho wa kiitikio ukiimbwa mara mbili, maana yake tunafunga. Kiongozi akigonga ukingo wa mbao badala ya ngozi, maana yake punguza. Na viti havihamishwi: kila mmoja ana nafasi yake ile ile katika nusu duara, na njia ya kuingilia imeachwa wazi upande wa barabara.

Wenye matende walikuwa wawili. Mmoja wao, mama wa makamo, aliketi pembeni mwa kiongozi, mguu juu ya kigoda kilichowekewa kanga iliyokunjwa. Kabla ya kuanza kulikuwa na beseni, sabuni ya mche na taulo. Anaosha na kukausha katikati ya vidole, kisha anakuja. Katika wimbo wa pili watu wote, wazima kwa wagonjwa, wanapandisha na kushusha vifundo vya miguu wakiwa wamekaa, mara 10 kila mguu, kwa kufuata dufu. Mazoezi hayo ndiyo anayopewa mwenye matende kliniki: kuosha, kuinua mguu, kuchezesha kifundo. Nyumbani peke yake anaona uvivu. Hapa anayafanya na watu 17 na hakuna anayemwangalia mguu.

Jioni pweza wa kuchoma ufukweni, kipande 500, na chai ya tangawizi.

Kwa anayekuja na wazo la kuanzisha kikundi kama hiki: upepo wa bahari unalegeza ngozi. Dufu lililolegea halihitaji fundi. Liweke juu ya jiko la mkaa uliofifia, umbali wa mkono, dakika tatu nne, ukiligeuza. Sauti ikirudi juu, liondoe. Walioliacha jikoni wakaenda kupiga soga wamepasua.

Jumanne: Lindi hadi Mikindani

Kosta ya Mtwara 7,000. Ilijaa Lindi, ikajaa tena Mingoyo kwenye njia panda ya Masasi, ambapo tulikaa saa nzima tukisubiri kondakta amalize ugomvi wa gunia la ufuta. Korosho za kukaanga dirishani, pakiti 2,000. Muulize muuzaji kama ni za msimu wa mwisho, na usione haya kuonja moja kwanza.

Mikindani iko kama kilomita 10 kabla ya Mtwara mjini. Tulishuka hapo kwa ajili ya kinamama wanaoimba siku ya kliniki ya watoto. Kiongozi ni bibi aliyewahi kuwa kungwi, na msaidizi wake ni mhudumu wa afya ya jamii. Hawana ngoma hata moja. Wana mkeka, debe moja la kugonga, na manyanga ya makopo ya maziwa yaliyotiwa choroko, vijiko viwili kila kopo. Ukijaza zaidi ya hapo kopo halilii, linanguruma tu, na mtoto anaamka.

Mpango wao ni dakika 60. Dakika za kwanza ni salamu kwa wimbo: kila mama anatajwa kwa jina la mtoto wake, Mama Fulani, na wote wanaitikia. Kisha nyimbo za kubembeleza, mtoto akiwa mikononi. Kisha wimbo mmoja wa kujibizana ambao mama anatunga mstari wake papo hapo kuhusu wiki yake. Hapo ndipo mambo yanapotoka. Mmoja aliimba kwamba usiku analala kwa muda wa saa mbili, mwingine akajibu kwamba mumewe analala kwa muda wa saa kumi na mbili. Kicheko kilichofuata kilifanya kazi ambayo ushauri wa mezani hauifanyi. Bibi yule alikuwa anasikiliza mistari hiyo kwa sikio jingine. Mama aliyepita zamu yake mara mbili bila kutunga chochote alifuatwa na mhudumu baada ya wimbo, wakaenda kukaa pembeni.

Utaratibu huu una ushahidi wake. London, watafiti Daisy Fancourt na Rosie Perkins waliwagawa mama 134 wenye dalili za sonona baada ya kujifungua katika makundi matatu: la kuimba, la michezo ya ubunifu na la huduma za kawaida, kwa wiki 10. Matokeo yalitoka 2018: wenye dalili za wastani hadi kali waliokuwa kundi la kuimba walipata nafuu mapema kuliko waliobaki na huduma za kawaida. Gambia nako wametumia vikundi vya Kanyeleng, wanawake waliohangaika na uzazi ambao tangu zamani huimba pamoja, kuwasaidia wajawazito kwa wiki sita. Huo wa Gambia ndio unaofanana zaidi na wa Mikindani, kwa sababu haukuleta kikundi kipya. Uliwatumia wanawake ambao jamii tayari ilikuwa inawasikiliza.

Tahadhari waliyotupa: nyimbo za unyago haziimbwi kliniki. Kuna wanawake wa makabila mengine pale, kuna wauguzi wa kiume, na kuna maneno ya ndani. Mradi mmoja uliwahi kuomba zirekodiwe "kwa ajili ya ripoti", na kikundi kilikaa miezi bila kukutana.

Chakula: wali wa nazi, kisamvu na changu, 5,000. Bajaji ya kuchangia hadi Mtwara mjini 1,500.

Jumatano: Mtwara mjini, ndoo na mbao

Hapa ni vijana na watoto, nusu yao viziwi. Mwalimu wao anatumia ndoo za rangi za lita 20, zilizooshwa na kupinduliwa, na fimbo za mwanzi. Ndoo moja iliyotumika 4,000 hadi 5,000 sokoni. Chagua zenye kitako kinene. Ile nyembamba ya njano inapasuka wiki ya pili, na ufa wake unakata mkono.

Ajabu iko chini. Wameunganisha mapaleti manne ya mbao, yale ya kubebea mizigo bandarini, wakapigilia juu yake mbao nyembamba. Anayepiga ngoma kubwa anaiweka juu ya jukwaa hilo, na watoto viziwi wanakaa au kusimama juu yake bila viatu. Mdundo unapanda kwenye nyayo. Kwenye mchanga au sakafu ya saruji mtikisiko unamezwa, na mtoto kiziwi anabaki kuiga anachokiona, kwa hiyo anachelewa kidogo kila mara. Tulimwona binti wa miaka kama tisa akiwa sarujini, nusu pigo nyuma ya wenzake. Mwalimu akamwashiria apande. Alivua kandambili, akaweka kisigino, akatulia, halafu fimbo yake ikaangukia pale pale na za wengine. Hakuangalia mtu tena hadi mwisho.

Hesabu inaonyeshwa kwa vidole kwa Lugha ya Alama, na kubadilisha mdundo kunaonyeshwa kwa vitambaa: cha kijani endelea, chekundu simama, cha njano punguza. Mwalimu husimama kivuli chake kikiwa nyuma yake. Jua likiwa mgongoni mwake watoto hawamwoni uso. Wanaosikia nao wamejifunza alama za msingi, na hilo limekuja lenyewe kwa sababu bila alama hakuna zamu.

Kelele ni tatizo la kweli. Ndoo 12 katika darasa la bati zinaumiza masikio, na kuna mtoto mmoja anayeziba masikio na kulia zikizidi. Kwake wameweka kiti nje ya mlango, upande wa dirisha, na manyanga yake. Anaingia akitaka, anatoka akitaka, na ametajwa kwenye orodha kama mpigaji wa nje. Suluhisho kama hilo haligharimu shilingi.

Kwa kikundi chochote chenye watoto: andika namba 116 ukutani, ile ya huduma ya simu kwa mtoto, na viongozi wawe wawili muda wote.

Alhamisi: Mtwara hadi Newala

Kilomita kama 140 na siku nzima. Lami tuliikuta hadi Mnivata, kilomita 50. Baada ya hapo tulikuta ujenzi na michepuo, vumbi jekundu linaloingia hadi kwenye soli ya kiatu. Nauli 9,000. Tandahimba tukasimama kubadilisha tairi. Wakati huo kijana wa duka la salfa, dawa ya mikorosho, akatuletea viti na sahani ya ming'oko ya kuchemsha yenye chumvi na pilipili. Hakutuuliza tunatoka wapi mpaka tulipomaliza kula. Kwa asiyeijua, ming'oko ni mizizi ya porini, inachimbwa, inachemshwa, na Mtwara na Lindi ikikosekana njaa imekuwa kali.

Salfa yenyewe ni jambo la kuzingatia kwa mpanga ratiba. Miezi hii watu wanapulizia mikorosho alfajiri na kurudi wamechoka, vifua vikiwasha. Mazoezi ya asubuhi hayapati mtu. Oktoba hadi Desemba ni kuokota na minada. Kuna pesa, kuna sherehe, na wapigaji wazuri wanakodiwa. Kikundi kinachotaka wiki 10 mfululizo kianze Februari au Machi, mvua ikiruhusu, au kianze Juni na kikubali kupoteza wapigaji Agosti msimu wa jando na unyago.

Newala kuna baridi. Beba sweta. Maji yalikuwa ya ndoo, 500 kwa ndoo ya lita 20, na mwenye nyumba ya wageni alituomba tuyatumie kwa adabu.

Ijumaa: Newala, kinganga

Siku hii ilikuwa tajiri. Asubuhi kwa fundi wa ngoma, jioni kwenye kikundi.

Vinganga ni ngoma ndogo za Kimakonde zenye mguu uliochongoka unaochomekwa ardhini, zinapigwa kwa fimbo mbili nyembamba. Ndizo zinazoshikilia mwendo wakati ngoma kubwa zinazungumza na wacheza sindimba. Fundi anachonga gogo, analitoboa, kisha anawamba ngozi ya mbuzi iliyolala kwenye maji usiku kucha. Vigingi havipigwi kwa mfululizo kuzunguka. Anapiga kimoja, anavuta ngozi, anapiga cha upande wa mkabala, ndipo anarudi katikati. Akifuata mzunguko ngozi inavutika upande mmoja na ngoma inatoa sauti mbili. Inakaa kivulini hadi ikauke kabisa, kama siku tatu kwa hali ya Newala. Juani inakauka kwa nusu siku na kupasuka ukingoni, kwenye vigingi hasa. Manyoya ananyoa mwisho, kwa kipande cha chupa.

Kabla ya kupiga, moto. Nyasi kavu, si kuni, kwa sababu nyasi zinawaka na kuisha na hazibaki makaa ya kuunguza. Kipimo chake ni kiganja: akikiweka mahali ngozi itakapokaa na hakivumilii hesabu ya tano, anasogea nyuma. Anaigeuza ngoma, anaigusa kwa vidole viwili, anaigeuza. Mwanzoni ilisema kama kadibodi. Mara ya nne au ya tano ikalia kwa sauti kali iliyomfanya mbuzi wa jirani ageuke. Bei ya kinganga 35,000. Kuwamba upya 12,000 pamoja na ngozi.

Tulimwuliza kuhusu mtu wa kiti cha magurudumu, maana ngoma ya kuchomeka chini inamfikia magotini. Akacheka: "Wajukuu zangu, mchanga unahama." Ndivyo kikundi chake kinavyofanya. Ndoo ya lita 10 imejazwa mchanga, uzito unafika kama kilo 15, ngoma inachomekwa ndani yake, na ndoo inawekwa juu ya kigoda au tofali kufuata kimo cha mpigaji. Mchanga ulowe kidogo. Mkavu unaachia mguu wa ngoma baada ya nyimbo mbili. Ndoo ya lita 20 haifai, hakuna anayeweza kuihamisha.

Jioni walikuwa watu 20 hivi, wanne wenye ulemavu wa viungo, kijana mmoja mwenye kifafa, bibi wawili wajane. Mpangilio wa dakika 90 ulikuwa hivi. Kuamkiana na kupasha mikono kwa makofi, mwendo ukiwa ule wa hatua za mtu anayetembea polepole kuliko wote pale. Hilo ni sheria: mwendo unaanzia kwa wa mwisho. Kisha chuma kinashika pigo kuu, kipande cha jembe bovu, na chuma hicho hupewa mgeni au aliyepoteza ujasiri, kwa sababu kazi yake ni pigo moja tu lakini wote wanamtegemea. Kisha vinganga, kisha ngoma kubwa, kisha kucheza kwa anayeweza na kutikisa mabega kwa aliyekaa. Katikati kuna kubadilishana vyombo mara mbili, na hapo fundi hufoka kweli kweli. Wapigaji hodari hawapendi kuachia. Mwisho mwendo unarudishwa chini taratibu, na uji wa ulezi unagawiwa kabla mtu hajasimama.

Uji ukiwekwa mwisho, watu wanabaki na kuongea. Ukiwekwa mwanzo wanakunywa na kusinzia.

Kijana mwenye kifafa hukaa mbali na moto wa kupashia ngoma, na viongozi wote wanajua la kufanya: kumlaza ubavu, kuondoa vitu vigumu, kutotia kitu mdomoni, kuangalia saa, na akipita dakika tano kumpeleka kituo cha afya. Tangu wawaonyeshe watu hadharani namna ya kumsaidia, maneno ya mashetani yamepungua.

Ruhusa zilichukua asubuhi nzima ya kiongozi: mwenyekiti wa kitongoji, ofisi ya kijiji, na nyakanga, mkuu wa mambo ya jando. Wa tatu ndiye wa kwanza kwa uzito. Kuna midundo ya lipiko, mcheza ngoma wa kinyago, na ya jandoni ambayo haipigwi mbele ya asiyehusika, na nyakanga aliitaja mitatu ambayo kikundi kisiiguse. Mgeni anayeruka hatua hii atapewa kibali cha karatasi na uwanja mtupu.

Kabla ya giza tulipelekwa Shimo la Mungu kuona bonde la Ruvuma. Picha zilitoka na ukungu.

Jumamosi: Masasi

Newala hadi Masasi tulishuka na gari dogo, 6,000, mteremko mzuri na breki za mashaka.

Kikundi cha Masasi ni cha waliotibiwa maradhi ya akili na ndugu zao. Kinaimba zaidi ya kupiga. Mji huu una kwaya tangu wamisionari wa Kianglikana walipoweka kijiji cha watumwa walioachwa huru mwaka 1876, na kupanga sauti nne hapa ni jambo la kawaida. Wanakutana kivulini saa kumi. Dawa nyingine za akili, klopromazini ikiwamo, hufanya ngozi iungue juani upesi. Nyingine hukausha mdomo au kutetemesha mikono. Kwa hiyo: maji kwa kila mtu, fimbo nene zilizozungushiwa mpira wa baiskeli ili mkono unaotetemeka ushike, na hakuna anayeulizwa kwa nini anatetemeka. Kanuni yao imeandikwa kwenye kibao: muziki hauondoi dawa. Waliwahi kupata mtu aliyejiona amepona kwa kuimba, akaacha vidonge, akarudi wodini.

Wanapima hali kwa maswali matano ya Shirika la Afya Duniani kuhusu wiki mbili zilizopita, kila swali 0 hadi 5. Jumla inazidishwa kwa 4, na anayepata chini ya 50 anazungumza na afisa ustawi wa jamii. Maswali husomwa kwa sauti, mmoja mmoja pembeni. Yakijazwa kikundini watu wanaigana. Lakini chombo chao kikali ni daftari la mahudhurio. Aliyekosa mara mbili anafuatwa nyumbani na mwenzake aliyekaa naye jirani kwenye duara.

Wafadhili wengine huja na mradi wa wiki nne, fulana na spika. Utafiti wa kupiga ngoma kwa vikundi uliofanyika London na kuchapishwa 2016, dakika 90 kila wiki, ulikuta sonona imepungua kufikia wiki ya sita; wasiwasi ulipungua baadaye, kufikia wiki ya 10. Ukifunga wiki ya nne umewaacha watu mlangoni. Na spika hizo hulazimisha onyesho la siku ya maadhimisho, ambapo mpigaji dhaifu anaambiwa apumzike "leo tu". Viongozi wa Masasi walikataa mwaliko wa namna hiyo. Tuliona wamefanya vizuri.

Jumapili: Ndanda na kurudi

Ndanda ni kama kilomita 40 kutoka Masasi kuelekea Mingoyo. Tulipita kwa chai, maandazi mawili na chai 1,500, tukasikia kwaya ikifanya mazoezi, tukaendelea.

Hesabu za kikundi cha watu 16 kwa wiki 10, kwa bei tulizozikuta: vinganga viwili 70,000, ndoo nne 20,000, manyanga ya makopo 4,000, mikeka miwili 20,000, daftari 2,000, uji 6,000 kwa wiki, yaani 60,000. Jumla 176,000. Posho ya kiongozi haimo, na vikundi vinavyodumu vinachangishana. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, 4, 4 na 2. Lakini ni mkopo wa biashara, unarudishwa. Kikundi cha Lindi kinautumia kushona mikeka, na dufu linabaki nje ya deni.

Tulirudi na kinganga kimoja. Usiweke ngoma buti: buti la kosta za pwani lina ndoo za samaki na barafu, maji yanatiririka, na ngozi iliyolowa inalegea na kunuka hadi kwako. Izungushie kanga, ishike miguuni, ngozi juu. Kondakta alianza na 10,000 ya mzigo, tukamalizana 3,000 pale Mingoyo. Omba kikaratasi chochote cha malipo, maana Lindi gari lilibadilisha kondakta na wa pili akaanza hesabu upya.